Kabla ya kuuza nyumba ya Kisii, tafuteni kwanza zile risiti

MSOMAJI, tuseme wewe na mwenzako mnafanya kazi Nairobi. Boma lenu liko kijijini Nyamira, lenye majani chai na migomba. Mwaka wa 2009 mlinunua ploti mtaani Mwembe, mjini Kisii, mkajenga nyumba ya kupangisha. Sasa kifungua mimba ameitwa chuo kikuu, wa pili anamfuata nyuma, na mpangaji amehama. Mnaamua kuiuza nyumba hiyo. Mnunuzi anajitokeza na Sh7 milioni, na usiku huo hamlali kwa kupanga matumizi.

Wiki chache baadaye wakili anawauliza: "Ushuru wa faida mmeutengea pesa?" Mnatazamana. Kumbe karo ya muhula wa kwanza mmeshailipa, na deni la chama mmeshalimaliza kwa malipo ya awali ya mnunuzi.

Si ajabu mkiwa hamkujua. Ushuru huu wa faida inayotokana na kuuza mali ulianza kutozwa Kenya mwaka wa 1975, ukasimamishwa mwaka wa 1985, na kwa karibu miaka 30 waliouza nyumba na ploti hawakuulizwa lolote. Ulirejeshwa Januari 1, 2015 kwa kiwango cha asilimia 5. Tangu Januari 1, 2023 kiwango ni asilimia 15. Kwa hivyo mzee aliyeuza ploti yake karibu na Daraja Mbili miaka ya tisini akikwambia hakuna kitu kama hicho, hakudanganyi. Anasimulia ya enzi yake.

Hesabu yenyewe

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba ushuru huu hutozwa faida, si bei yote. Hebu tuifanye hesabu pamoja.

Mlinunua ploti kwa Sh800,000. Ada ya stempu ilikuwa Sh32,000 na wakili akalipwa Sh38,000. Ujenzi, kuanzia msingi hadi mabati, ulikula Sh2.6 milioni. Sasa mnapouza, dalali, wakili na mkadiriaji wa thamani wanachukua Sh230,000. Jumla ya gharama zote ni Sh3.7 milioni. Ukiziondoa kwenye Sh7 milioni, faida ni Sh3.3 milioni. Asilimia 15 ya hiyo ni Sh495,000.

Sasa tuseme risiti za saruji, mabati na mafundi zililiwa na panya, au zilitupwa mlipohama nyumba. Bila ushahidi wa zile Sh2.6 milioni, faida itaonekana kuwa Sh5.9 milioni, na ushuru utakuwa Sh885,000. Tofauti ni Sh390,000. Hiyo ndiyo thamani ya katoni kuukuu ya risiti. Wahenga hawakukosea waliposema mali bila daftari hupotea bila habari.

Fahamu pia kwamba sheria haijali jinsi bei za vitu zilivyopanda. Shilingi uliyotumia mwaka wa 2009 huhesabiwa kama shilingi ya leo, ingawa wewe mwenyewe unajua ilinunua nini wakati ule.

Shamba si sawa na ploti

Je, kama mngeuza kipande cha shamba kule Nyamira badala ya nyumba ya mjini? Mambo yangekuwa tofauti. Shamba la kilimo lisilofika ekari 50, linalouzwa na mtu binafsi na lililo nje ya manispaa au mji uliotangazwa rasmi, halitozwi ushuru huu. Na ni nani Gusii leo mwenye ekari 50? Vilevile ardhi ya mtu binafsi ambayo bei yake haizidi Sh3 milioni imesamehewa.

Lakini usidanganywe na migomba. Ploti inaweza kuzungukwa na migomba na bado iwe ndani ya mipaka ya manispaa ya Kisii au ya Nyamira. Ulizia kabla ya kuweka sahihi. Na shamba lina masharti yake: sharti mpate idhini ya bodi ya ardhi.

Nyumba ambayo mwenyewe ameishi mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza pia imesamehewa. Ile ya Mwembe haimo, kwa sababu aliyelala humo ni mpangaji.

Jasho la wawili

Katika jamii zetu hatimiliki nyingi zina jina la mume pekee, ilhali mabati yalinunuliwa kwa mkopo wa mke. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013 inasema mali ya ndoa haiwezi kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu nayo ilieleza kwamba ndoa ikivunjika, mali haigawanywi nusu kwa nusu hivi hivi tu. Kila mmoja huonyesha mchango wake, na kazi ya nyumbani na ulezi wa watoto pia ni mchango.

Basi dada, risiti ya mabati yenye jina lako ina kazi mbili: inapunguza ushuru wa familia, na inashuhudia jasho lako. Nawe ndugu, usiione kama silaha ya vita. Kuhamisha mali kutoka kwa mume kwenda kwa mke, au kinyume chake, hakutozwi ushuru huu, kwa hivyo kuliongeza jina lake si hasara.

Mwisho, jihadhari na dalali anayewashauri muandike bei ndogo kwenye mkataba. Serikali ina wakadiriaji wake, na Mamlaka ya Ushuru (KRA) inaweza kutumia bei ya soko. Ushuru hulipwa na muuzaji kupitia iTax, kabla ya kupokea bei yote au kabla ya uhamisho kusajiliwa, lolote litakalotangulia. Ada ya stempu, asilimia 4 mjini, ni mzigo wa mnunuzi.

Jioni ya leo, kabla hamjampigia dalali simu, shusheni lile katoni juu ya kabati. Hesabuni pamoja, nyote wawili, kisha ndipo muulizane kama hizo Sh7 milioni zinatosha.