Kwaya Ikirekodi kwa Hela Yako, Chaneli ni ya Nani?

Leo naongea na wewe unayetaka kuanzisha lebo ndogo ya nyimbo za Injili, iwe kwaya za magitaa au vijana wanaopiga roki ya Kikristo.

Wateja wapo. Kinachoua lebo ni makubaliano ya mdomo. Mwenye studio anafungua chaneli ya YouTube kwa imeili yake, nyimbo zinatazamwa, halafu wanagombana. Nenosiri analo yeye. Kwaya inaanza sifuri, na wewe uliyetoa hela huna cha kushika.

1. ANDIKENI KABLA YA KUREKODI
Utunzi ni kitu kimoja, rekodi ni kingine. Andikeni kila kimoja ni cha nani, nani anapata asilimia ngapi, kwa miaka mingapi. Wasaini mwenyekiti, katibu na mhasibu wa kwaya, maana viongozi hubadilika. Kisha sajilini kazi COSOTA.

Rekodi ndiyo mali ya lebo. Tooth & Nail, lebo ya roki ya Kikristo ya Marekani, ilianzishwa na Brandon Ebel mwaka 1993. Albamu ya kwanza ya bendi yake ya MxPx ilitoka 1994, na watu wanaisikiliza mpaka leo. Wimbo unaishi kuliko ugomvi.

2. CHANELI IWE YA KAZI
Tumia imeili ya lebo, sio ya prodyuza. Wape viongozi wa kwaya ruhusa ya kuingia. Hela ya matangazo inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Mapato yakifika dola 10, Google wanatuma namba ya uthibitisho kwa barua ya posta, kwa hiyo weka S.L.P. inayofanya kazi. Malipo yanatoka ukifikisha dola 100. Usiisubiri hela hiyo ikulipie kodi ya fremu!

3. PIGA HESABU YA FLASHI
Mfano: umetoa Sh 800,000 kurekodi. Flashi unanunua Sh 6,000, unauza Sh 10,000. Inabaki Sh 4,000. Ukiuza 100 umerudisha nusu tu. Mpaka uuze 200 ndio hela yako imerudi, na hapo nauli ya kwenda Nkwenda na Murongo hujahesabu.

4. FUATA KAHAWA
Huku kwetu mfuko unajaa wakulima wakilipwa kahawa, kuanzia katikati ya mwaka. Rekodi mapema, peleka kionjo WhatsApp na redio ya hapa Karagwe, pokea oda kabla. Uza kwenye uzinduzi na mikutano ya Injili, watu wakiwa bado wanaimba.

Una kwaya inayoingia studio wiki hii? Mtumie mwenyekiti ujumbe huu kabla hajalipa. Karatasi moja yenye sahihi inalinda hela yako na undugu wenu.