Kisukari na Nyayo: Unapotawadha, Utazame Mguu Wako

Kila sifa njema ni ya Allah Subhaanahu wa Ta'ala, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, swalla-Llahu 'alayhi wa sallam.

Ndugu Waislamu, wengi wetu tuna mzazi, ami au shangazi mwenye kisukari. Tunamhimiza apunguze sukari kwenye chai na tunamkumbusha dawa zake. Mguu wake hatuutazami mpaka utoe harufu, na hapo mara nyingi tumeshachelewa. Katika makala hii tunaeleza kinachoupata unyayo kabla kidonda hakijaonekana.

Mto tuliozaliwa nao

Chini ya kisigino kuna mto wa mafuta laini. Mafuta hayo yamefungiwa ndani ya vijumba vidogo vidogo ambavyo kuta zake ni nyuzi imara zenye kuvutika. Tukikanyaga, mafuta hubanwa lakini hayakimbii, kwa kuwa kuta zinayazuia. Tukinyanyua mguu, mto hurudi kama ulivyokuwa. Mto mwingine uko mbele, nyuma kidogo ya vidole, pale tunaposukumia ardhi tunapopiga hatua. Kazi ya mito hii ni kuutawanya uzito wa mwili ili usiangukie mahali pamoja.

Sukari inafanya nini

Nyuzi hizo zimejengwa kwa protini iitwayo kolajeni. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka, hujishikiza kwenye kolajeni na kuzifunga nyuzi pamoja, zisivutike tena kama zamani. Mto unakuwa mgumu, mfano wa sponji ya godoro iliyochakaa: ukiibonyeza inagoma, na ikishabonyea hairudi upesi.

Kano nene ya nyuma ya kisigino nayo hukakamaa. Kifundo hakikunjiki vya kutosha, na uzito unazidi kuelemea sehemu ya mbele ya unyayo. Mishipa ya fahamu ikidhoofika, misuli midogo ya mguu hulegea na vidole hujikunja kama makucha. Vikijikunja, mto wa mbele husogea kutoka mahali pake, na vichwa vya mifupa hubaki karibu na ngozi. Hapo ndipo vidonda vingi vya unyayo vinapoanzia.

Kuna kipimo chepesi cha ukakamavu huu. Shikanisha viganja vyako viwili, vidole kwa vidole. Mwenye kisukari ambaye vidole vyake havikutani vikalala sawasawa, viungo vyake huenda vimeanza kukaza, na viungo vya mguu huenda vimo katika hali hiyo hiyo. Amwambie daktari wake.

Kwa nini hasikii maumivu

Daktari Paul Brand alifika Vellore, India, mwaka 1946, na huko akaja kuwatibu wagonjwa wa ukoma. Watu walidhani nyama ya mwenye ukoma huoza yenyewe. Yeye alibaini kwamba vidonda vingi vya nyayo vilitokana na mguu uliokufa ganzi kukanyagiwa pale pale, hatua baada ya hatua, bila mwenyewe kuchechemea wala kupumzika. Mafunzo hayo ndiyo yanayotumika leo kwa wenye kisukari: kidonda cha unyayo hakiponi kwa dawa pekee, ni lazima mguu upunguziwe uzito.

Sugu nayo si ya kudharauliwa. Ngozi hujifanya nene penye mkandamizo, kisha ule unene wenyewe huzidisha mkandamizo, kama kutembea na kijiwe ndani ya kiatu. Chini yake nyama inaweza kuvilia damu na kufanya kidonda kisichoonekana. Sugu ipunguzwe na muuguzi au daktari. Tusiikate kwa wembe nyumbani, wala tusiipake dawa za kuunguza.

Udhu kama ukaguzi

Anayetawadha kwa kila Sala hushika miguu yake mara tano kwa siku. Basi angalau mara moja kwa siku, penye mwanga, atazame unyayo mzima na katikati ya vidole. Asiyeona vizuri au asiyeweza kuinama atazamiwe na mtoto au mjukuu, na hiyo ni katika wema kwa wazazi. Tutafute wekundu, joto lisilo la kawaida, lengelenge, mpasuko au doa jeusi. Maji ya moto yapimwe kwa kiwiko, au na mtu mwingine, si kwa mguu wenye ganzi. Baada ya udhu hakuna ubaya kukausha katikati ya vidole kwa kitambaa.

Njia ya msikitini ina jua, mawe na miiba, kwa hiyo asitembee peku, na viatu avikung'ute kabla ya kuvaa. Ndani ya msikiti avae soksi safi.

Katika kikao cha tahiyatu, vidole vya mguu wa kulia hukunjwa na kubeba uzito. Kukaa hivyo ni sunna, na mwenye kidonda au vidole vilivyokaza akae anavyoweza. Sala yake ni sahihi.

Ikiwa daktari amekataza kidonda kisilowe, mgonjwa aoshe palipo pazima na apanguse kwa maji juu ya bendeji. Katika madhehebu ya Shafi'i, yanayofuatwa na wengi visiwani kwetu, ataongeza tayamamu kwa sehemu isiyooshwa. Ruhusa ya tayamamu kwa mgonjwa imo katika Suratun-Nisaa, aya ya 43, na Suratul-Maaidah, aya ya 6. Hali zinatofautiana, kwa hiyo amuulize shekhe wake.

Tunalisisitiza hili kwa sababu wapo wazee wanaoficha kidonda wasije wakazuiwa kwenda jamaa. Kidonda chochote cha mguu kwa mwenye kisukari ni cha kupeleka hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hakiumi. Kutouma kwake ndiyo hatari yenyewe.

Tunamuomba Allah Awape shifaa wagonjwa wetu na Atuhifadhie viungo tunavyomwabudia. Aamiyn. Wa-Allaahu a'lam.