Enda Tezi na Omo: Safari ya Siku Moja Majini na Somo la Kiswahili

Utangulizi

Kila mwaka, tunapofundisha fasihi simulizi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hufika siku tunapoandika ubaoni methali hii: Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wanafunzi huinakili, hukariri maana yake ya ndani, yaani mtu hata azunguke vipi hatimaye hurejea kwake, na katika mtihani hupata alama zao. Mwaka mmoja niliamua kuwauliza swali dogo: tezi ni nini? Na omo? Na ngama? Darasa lilinyamaza. Kisha mwanafunzi mmoja kutoka Koboko akainua mkono akasema, "Mwalimu, tezi ni ule uvimbe wa shingoni."

Tulicheka, lakini kwa kweli hakukosea. Kamusi inayo tezi hiyo pia. Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa na picha ya chombo kichwani. Tulikuwa tukifundisha maana ya ndani ya methali ambayo maana yake ya nje hatuijui. Makala haya yanakusudia kueleza namna safari ya siku moja kwa boti, ya kundi dogo la wanafunzi, inavyoweza kuziba pengo hilo, na mambo ambayo mwalimu hana budi kuyazingatia kabla ya kumpandisha mtoto wa mwenzake chomboni.

Kwa nini ziwa?

Sisi wa Ombaci, jirani na mji wa Arua, tuko mbali na bahari. Kutoka hapa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000. Kiswahili kilitufikia kwa njia ya nchi kavu: kwa askari wa King's African Rifles, kwa Wanubi, kwa wafanyabiashara wa Kongo na kwa madereva wa malori. Kwa sababu hiyo, Kiswahili cha West Nile kina utajiri wa maneno ya soko, barabara na kambi, lakini ni maskini wa maneno ya majini. Ilhali lugha yenyewe ilikulia pwani, na sehemu kubwa ya misemo yake imetokana na vyombo. Gazeti likiandika kwamba kampeni zimeng'oa nanga, au kwamba mipango imekwenda mrama, msomaji wetu huelewa kwa kukisia tu.

Hata hivyo, maji hatuyakosi. Kusini yetu liko Ziwa Albert, lenye urefu wa kilomita 160 hivi, ambalo Uganda inalimiliki pamoja na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wanyoro huliita Mwitanzige, yaani muuaji wa nzige. Samuel Baker alipofika mwaka 1864 alilipa jina la Albert, mume wa Malkia Victoria. Baadaye, zama za Mobutu, upande wa Zaire uliliita Ziwa Mobutu Sese Seko. Ni katika ufuko wake wa magharibi, mahali paitwapo Kavalli, ambapo mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwaandikisha jeshini askari wa Kisudani waliokuwa wameachwa na Emin Pasha. Askari hao na familia zao ni miongoni mwa mababu wa Wanubi wa Uganda. Kwa hiyo, mwanafunzi anayetaka kujua Kiswahili kilivyopenya maeneo haya hawezi kuliacha ziwa hili nje ya hesabu.

Safari ambayo hatukuifanya

Mara ya kwanza tulipopanga safari tulikuwa watu kumi na wanne. Tuliondoka Arua alfajiri tukapitia Nebbi, tukafika kwenye mwalo mmoja ambao sitautaja. Boti tuliyoikuta ilikuwa ya mbao, yenye injini moja ndogo. Kwa macho yangu ilifaa watu wanane, labda tisa. Jaketi za kuokoa maisha zilikuwa tano, mbili kati yake zimekatika kamba. Nilipouliza, mwenye boti alinijibu kwa upole, "Mwalimu, hakuna shida. Watu wanapandaga tu hivi kila siku."

Mwanaisimu ndani yangu alifurahia hiyo -aga ya mazoea, ambayo tunaishiriki na ndugu zetu wa Kongo. Mwalimu ndani yangu alipatwa na baridi. Nilikumbuka kwamba tarehe 22 Machi 2014, katika ziwa hilohilo, ilizama boti iliyokuwa imewabeba wakimbizi wa Kikongo waliokuwa wakirejea kwao, na zaidi ya watu 200 walipoteza maisha. Nilikumbuka pia sikukuu ya Krismasi ya mwaka 2016, pale boti ya wachezaji na mashabiki wa mpira ilipopinduka na kuua watu wapatao 30. Polisi walieleza kuwa chombo kilikuwa kimezidiwa, na kwamba abiria walikuwa wakicheza na kuelemea upande mmoja. Wale wote nao walikuwa wakipanda tu hivyo kila siku.

Niliwaambia wanafunzi kwamba hatupandi. Wengine walinuna. Walikuwa wamechanga nauli kwa taabu, na mmoja alisema waziwazi kwamba mwalimu anaogopa maji. Sikumkanusha, maana ni kweli naogopa. Tulikaa ufukweni, tukawahoji wavuvi majina ya samaki, tukarudi nyumbani jioni tukiwa kimya ndani ya gari. Hadi leo naamini kwamba hilo lilikuwa somo bora kuliko yote niliyofundisha mwaka ule, ingawa siku ile halikufanana na somo.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na siku ile tulijiwekea kanuni, ambazo nawaletea walimu wenzangu.

Kwanza, idadi. Hesabu jaketi kabla ya kuhesabu watu. Jaketi zikiwa kumi, kundi ni la watu kumi, nahodha na msaidizi wake wakiwemo. Kila mtu avae yake na kuifunga akiwa bado nchi kavu, kwa sababu ni vigumu mno kuivaa ukiwa tayari ndani ya maji.

Pili, uzito. Boti iliyojaa huzama zaidi majini, na ukingo wake hukaribia uso wa maji, hivyo wimbi dogo tu hutosha kuingia ndani. Aidha, mtu akisimama huupandisha juu uzito wa chombo, nacho huyumba kwa wepesi zaidi. Ndiyo maana nahodha husisitiza watu wakae.

Tatu, wakati. Asubuhi kwa kawaida maji huwa yametulia. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, hewa ya juu ya nchi hupaa, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja kuchukua nafasi yake. Basi ondoka mapema, urudi mapema. Ukiona mawingu meusi yakijikusanya juu ya milima ya upande wa Kongo, ahirisha.

Nne, ruhusa ya nahodha. Uliza kama chombo kimesajiliwa na nani anakiendesha. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe ilizama katika Ziwa Victoria, upande wa Mukono, na watu zaidi ya 30 wakafa. Walikuwa wametoka kutembea tu, kama sisi. Furaha peke yake haielei.

Tano, lugha. Amueni mapema ni lugha gani itakayotumika kutoa amri. Jambo hili nitalirudia.

Safari yenyewe

Mwaka uliofuata tulikwenda watu tisa. Safari hii tulichagua Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls, ambayo kwa mtu wa Arua si mbali sana: unafuata barabara ya Nebbi hadi Pakwach, mwendo wa kilomita 130 hivi, unavuka daraja la Naili, kisha unaingia kwa lango la Tangi kuelekea Paraa. Hapo kuna safari za aina mbili. Ya kwanza hupanda mto hadi chini ya maporomoko, mahali ambapo Naili yote hujibana kwenye mwanya wa mwamba wenye upana wa mita zipatazo 7 na kuanguka zaidi ya mita 40. Ya pili huteremka na mto hadi kwenye delta, pale maji yanapoingia Ziwa Albert. Tulichagua ya pili kwa sababu tulitaka ziwa.

Kabla ya kung'oa nanga nilimwomba nahodha, mzee mpole kutoka upande wa Pakwach, atutembeze chomboni. "Mzee, tuonyeshe omo." Akacheka, akaniambia neno hilo halijui, yeye husema mbele. Basi tukafundishana. Sehemu ya mbele ya chombo ni omo. Ya nyuma, anapokaa mshika usukani, ni tezi. Chini kabisa, katikati, ambapo maji yanayovuja hukusanyika na kutekwa kwa kopo, ni ngama. Yule kijana wa Koboko alitembea polepole kutoka tezi hadi omo, akarudi katikati, akatazama maji machache yaliyokuwa miguuni mwake, akasema, "Kumbe! Popote utakapokwenda humu ndani, utarudi hapa tu." Sikuwa na la kuongeza.

Njiani tulikusanya msamiati. Tulijadili asili ya maneno: nahodha, bandari na nanga yametoka Uajemi, usukani na merikebu Uarabuni, meli na boti Uingereza. Mtumbwi na kasia tuliwaachia wanafunzi wakayatafute. Tulilinganisha pia majina ya samaki. Wale wadogo wa Ziwa Victoria Mtanzania huwaita dagaa, Mkenya omena, Mganda mukene. Huku Ziwa Albert wapo muziri na ragoge. Sangara naye kwetu ni mputa. Mwanafunzi mmoja aliuliza lipi kati ya majina hayo ndilo Kiswahili sanifu. Nikamjibu kwamba sanifu ni dagaa na sangara, lakini mvuvi hauzi usanifu, anauza samaki. Ni vizuri kuyajua yote.

Kisha likatokea jambo. Tulipokaribia delta, kundi la viboko liliibuka upande wa kulia. Wanafunzi watano walisimama kwa pamoja na simu zao, wakasogea upande huo. Boti iliinama. Haikuinama sana, lakini kila mmoja alihisi sakafu ikimkimbia miguuni. Katika boti ile tulikuwa na Walugbara, Waalur, Wakakwa na mwanafunzi mmoja kutoka Kongo. Wa kwanza kupiga kelele alipiga kwa lugha ya kwao, wa pili kwa ya kwao, na wa tatu akawaamuru watu wahamie upande wa kushoto, jambo ambalo lingeongeza balaa. Nahodha alisema maneno matatu tu, kwa sauti ya kawaida: "Kaeni. Kaeni chini." Wote walielewa, wote walikaa, chombo kikatulia.

Tulipopumua, dada mmoja wa mwaka wa pili alisema, "Mwalimu, manahodha wengi, chombo huenda mrama." Hakuna aliyecheka. Kwenda mrama ni kule kuyumba kwa chombo upande huu na upande huu, na sasa walikuwa wameujua mrama kwa nyayo zao.

Kiswahili kama lugha ya amri

Katiba yetu, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza hatua zichukuliwe ili kifundishwe shuleni. Mijadala kuhusu jambo hili mara nyingi hujikita katika ajira na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hoja hizo ni nzuri. Lakini siku ile niliiona hoja nyingine, ndogo na ya karibu zaidi. Mahali ambapo watu wa lugha nne wamo katika chombo kimoja, panahitajika neno moja ambalo wote watalielewa kwa sekunde moja. Neno hilo halihitaji ngeli wala uchambuzi wa sentensi. Linahitaji liwe limezoeleka masikioni.

Hitimisho

Kwa walimu watakaopenda kujaribu, nashauri wanafunzi wapewe kazi tatu: waandike vifungu kumi vya Kiswahili vyenye asili ya vyombo na waeleze maana ya nje ya kila kimoja kabla ya ile ya ndani, wamhoji nahodha au mvuvi na kulinganisha maneno yake na ya kamusi, na waandike kwa sentensi fupi amri saba za usalama majini, kisha wazisome kwa sauti mbele ya darasa.

Asiyeweza kufika ziwani anaweza kuanzia kwenye kivuko cha Laropi au cha Obongi, ambako Naili ipo na maneno yapo. La muhimu ni kwamba ahesabu jaketi kwanza. Zikipungua, akae ufukweni na wanafunzi wake, hata wakinuna. Kijana wa Koboko siku hizi anafundisha sekondari. Ameniambia kwamba akiifundisha methali ile huchora boti ubaoni kabla ya kuandika neno lolote.