Picha za safari ni amana: tusiziache katika simu moja

Msimu wa likizo na sikukuu unapowadia, familia nyingi za Dar es Salaam hufunga safari kwenda kuwazuru wazee. Wenye asili ya Rufiji hupanda basi Mbagala, wakapita Kibiti na Ikwiriri, na baadhi yao wakaendelea hadi Mbwara na vijiji vya jirani. Kuunga udugu ni ibada, na siku hizi kila anayekwenda kuunga udugu hurudi na mamia ya picha ndani ya simu yake. Leo, ndugu wasomaji, tunapenda kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii mpaka litufike: picha hizo zina usalama gani kabla hatujafika nyumbani?

Tuanze na yaliyotupata sisi wenyewe. Miaka michache iliyopita tulikwenda Mbwara baada ya Idd el-Fitr kumjulia hali bibi yetu, ambaye alikuwa mtu mzima sana. Kwa siku tatu tulimpiga picha akiwa na vitukuu wake. Tulimrekodi pia akisimulia Operesheni Rufiji ya mwaka 1969, pale watu walipohamishwa kutoka bondeni baada ya mafuriko, wakaacha mashamba ya mpunga na makaburi ya wazee wao, wakapanda kwenye ardhi ya juu. Alitaja majina ya waliozikwa huko, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeyaandika, kwa kuwa simu ilikuwa inarekodi.

Wakati wa kurudi tulipita Kibiti, tukakata kuelekea Nyamisati ili tuvuke kuwasalimu wajomba zetu waishio ndani ya delta. Tulipokuwa tunapanda boti, simu ilichomoka katika mfuko wa kanzu ikatumbukia. Maji yalikuwa ya tope na yalikuwa yanakupwa kwa kasi. Haikuonekana tena.

Bibi alitangulia mbele ya haki kabla ya Idd iliyofuata. Zilibaki picha tatu tulizokuwa tumezituma katika kundi la familia. Tulipozipeleka kukuzwa, uso wake ulitoka na ukungu, maana programu za ujumbe hupunguza ubora wa picha ili zisafiri upesi. Sauti yake hatunayo, na yale majina hatuna tena wa kumuuliza.

Simu kuanguka ni qadar ya Mwenyezi Mungu. Kutokuwa na nakala ulikuwa uzembe wetu. Sote tunaijua hadithi ya mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W) kuhusu ngamia wake, akaelekezwa amfunge kwanza, kisha ndipo atawakali. Picha na sauti za wazazi ni amana ya watoto ambao bado hawajazaliwa, nazo pia zina kamba yake.

Kanuni ya tatu, mbili, moja

Wapigapicha wanayo kanuni nyepesi, ambayo kwa kawaida huhusishwa na Mmarekani Peter Krogh: kuwe na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na nakala moja ikae mahali pengine. Msafiri anaweza kuifuata bila gharama kubwa. Nakala ya kwanza imo katika simu, ya pili katika kifaa kidogo cha kuhifadhia, na ya tatu kwa mtu mwingine au katika hifadhi ya mtandaoni.

Kifaa kipi kinafaa?

Wengi hudhani memori kadi iliyomo ndani ya simu inatosha. Haitoshi, kwa sababu simu ikizama au ikiibwa, kadi nayo imekwenda.

Kinachoifaa familia ya kawaida ni flashi. Zipo zenye vichwa viwili, kimoja cha kuchomeka kwenye simu na kingine cha kompyuta. Mwenye flashi ya kawaida anaweza kutumia kiunganishi kidogo kiitwacho OTG, ambacho simu nyingi za siku hizi hukikubali. Kuhusu ukubwa, picha moja ya simu huchukua kiasi cha megabaiti tatu hadi tano, hivyo flashi ya gigabaiti 64 hubeba zaidi ya picha 10,000. Video ndizo zinazokula nafasi: dakika moja ya video safi inaweza kuchukua megabaiti 60 hadi 130. Anayekusudia kurekodi harusi au masimulizi marefu ya wazee anunue kubwa zaidi.

Diski ya nje huwafaa wenye picha nyingi mno. Zile za zamani zina sahani inayozunguka ndani, hivyo hazipendi kuanguka wala kutikiswa juu ya bodaboda. Zile za SSD hazina kinachozunguka na huvumilia misukosuko zaidi, ila bei yake ni kubwa.

Asiye na uwezo wa kununua chochote azirushe picha kwa Bluetooth kwenye simu ya ndugu aliyefuatana naye. Hakuna bando linalohitajika, na picha hufika na ubora wake. Hifadhi ya mtandaoni nayo ni nzuri. Kwa mfano, Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo. Lakini inahitaji mtandao wenye nguvu, na safarini haupatikani kila mahali.

Jihadharini na flashi za bandia. Zipo zinazouzwa kwa bei ya chini sana zikiandikwa ukubwa wa ajabu, kumbe nafasi ya kweli ni ndogo. Zikijaa, hufuta picha za mwanzo au kuziharibu bila kutoa taarifa. Ni vema kuijaza na kuijaribu flashi mpya nyumbani kabla ya safari.

Utaratibu wa kila usiku

Tumejizoesha kufanya kazi hii kila usiku baada ya Isha. Tunanakili, hatuhamishi, ili picha zibaki pia katika simu. Kisha tunafungua picha chache na video moja ndani ya flashi kuhakikisha zinafunguka. Tunaiondoa kwa kufuata maelekezo ya simu, tunaifunga katika mifuko miwili ya nailoni, na kumkabidhi mtu asiyeibeba ile simu. Vikikaa katika begi moja, msiba mmoja utavichukua vyote.

Tusisahau sitara. Picha za familia zina mama zetu, wake zetu na mabinti zetu wakiwa nyumbani, na flashi haina mlango. Kwa hiyo tuweke nenosiri panapowezekana, tusiichomeke katika kompyuta za watu tusiowajua, na ijulikane nani ndani ya familia ameikabidhiwa.

Tukirejea nyumbani, kazi haijesha. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti, na maji hayachagui kati ya albamu ya karatasi na flashi iliyo kabatini. Nakala moja ikae nyumba nyingine, hata mkoa mwingine. Flashi nayo huchakaa, basi ifunguliwe na kukaguliwa walau mara moja kwa mwaka. Sisi tumechagua mwezi wa Shaabani, tunapoandaa nyumba kwa ajili ya Ramadhani.

Idd iliyopita tulikwenda tena Mbwara, kwa babu yetu, mdogo wake marehemu bibi. Tulimwomba ataje majina ya waliozikwa kule bondeni. Alifikiri kwa muda mrefu, akataja saba. Bibi alikuwa ametaja mengi zaidi. Usiku ule kijana wetu alinakili mazungumzo yote, na flashi ikarudi Dar es Salaam ndani ya mkoba wa shangazi. Majina yale saba tuliyaandika pia katika daftari, kwa wino, na kila asubuhi ya Idd tunayasoma kabla ya kuwaombea dua.