Kodi ya Nyumba ya Mirathi: Hesabu Inayotugombanisha



Kati ya simu zinazotufikia huku ng'ambo, zipo zinazoanza kwa salamu ndefu na kuishia kwenye neno moja: kodi. Kaka mkubwa anakusanya, haonyeshi daftari. Dada aliyeolewa Muscat akiuliza fungu lake anaambiwa "wewe si unaye mumeo?" Mtu mwingine amekaa chumba cha mbele miaka kumi hajatoa hata shilingi. Na wewe uliye masomoni unatakiwa useme uko upande wa nani. Ukikaa na wenzetu wa Tanga, Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, karibu kila mmoja ana nyumba ya namna hii kwao.

Mimi nasomea uhandisi, si shehe wala wakili. Ya hukumu waulizwe wenyewe. Lakini nionavyo mimi, sehemu kubwa ya ugomvi huu si uroho. Ni hesabu ambayo haijafanywa, na kila mwaka ukipita inazidi kuwa ngumu.

Ugomvi unavyoanza

Mzee anafariki, nyumba haigawanywi. Sababu zake ni nzuri tu: mama bado yumo ndani, wadogo wanasoma, na ni aibu kuzungumzia kuta kabla ya arubaini. Arubaini inapita, mwaka unapita, miaka ishirini inapita. Hati bado ina jina la marehemu. Wakati huo warithi nao wanafariki, na kila mmoja anaacha warithi wake.

Tuchukue mfano wa kubuni, kwa mirathi ya Kiislamu. Mzee ameacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Mke anapata thumuni, yaani 1/8. Zinazobaki 7/8 wanagawana watoto, wa kiume mafungu mawili kwa moja la wa kike. Hesabu inatoka safi: mama 1, kila mwanamume 2, kila mwanamke 1, jumla 8. Siku hiyo hata mtoto wa darasa la tano angeigawa.

Sasa kijana mmoja anafariki kabla ya kugawana. Ameacha mke, mama yake (yule mjane wa mzee), mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja. Katika mafungu yake mke anachukua thumuni, mama sudusi, na watoto wanagawana kilichobaki. Ili yatoke mafungu kamili bila vipande, nyumba nzima sasa inahesabiwa kwa mafungu 288: mama 48, kijana aliyebaki 72, mabinti 36 kila mmoja, mjane wa kijana 9, mjukuu wa kiume 34, wa kike 17. Hicho ni kifo kimoja tu. Vikifika vinne au vitano, nani atakumbuka nani alitangulia? Na nani alitangulia ndiyo inayobadilisha mafungu yote.

Chumba hakikatiki, kodi inakatika

Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita huwezi kuikata vipande 288. Kodi unaweza. Tuseme kila chumba kinapangishwa kwa shilingi 120,000 kwa mwezi. Vitano vina wapangaji, cha sita anakaa yule kijana aliyebaki. Wengi wanahesabu vyumba vitano tu, na hapo ndipo manung'uniko yanapoanza. Hesabu vyote sita: 720,000. Toa matengenezo, kodi ya majengo na ujira wa anayekusanya, tuseme 144,000. Zinabaki 576,000, yaani 2,000 kwa kila fungu.

Kijana mwenye mafungu 72 anastahili 144,000. Chumba anachokaa ni 120,000, basi anapewa 24,000 taslimu. Angekuwa ni binti mwenye mafungu 36, haki yake ni 72,000, na kwa chumba hicho angedaiwa 48,000 kila mwezi. Familia ikiamua kumsamehe, vizuri sana, lakini iwe wamejua wamesamehe kiasi gani. Ukimya si msamaha. Mjukuu wa kike mwenye mafungu 17 anapata 34,000. Si nyingi, lakini ni ada ya shule, na ni haki yake.

Mambo manne yanayochanganywa

La kwanza, kurithi na kusimamia. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama si mwenye nyumba. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, inamtaka apeleke mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Kumwomba hesabu si kumvunjia heshima.

La pili, kukaa na kumiliki. Miaka mingi ndani ya chumba haiongezi fungu lako.

La tatu, mirathi na wakfu. Kama babu aliiweka nyumba wakfu, haiuzwi wala hairithiwi, na mapato yanafuata masharti aliyoyaweka. Tazameni karatasi kabla ya kugombana.

La nne ndilo letu sisi wa huku: kutuma pesa na kununua. Mtu anabana posho yake, anatuma za kujengea fremu mbili za maduka mbele ya nyumba. Fremu zinaingiza pesa kuliko vyumba vyote. Je, alitoa zawadi, alikopesha, au fremu ni zake? Kama halikuandikwa siku ya kutuma, bwana, kila mtu atakumbuka kivyake.

Nyumba nayo haingoji

Hapa niseme kama mhandisi. Nyumba za kale za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Paa likivuja, maji yanaingia ukutani, boriti zinaoza kwenye ncha zilizoingia ukutani, mahali pasipoonekana. Ziba ya leo ni pesa ndogo. Lakini nani atoe, wakati faida ni ya watu ishirini? Kila mmoja anamngoja mwenzake mpaka dari inashuka. Kwa hiyo matengenezo yakatwe kwanza kwenye kodi, ndipo mafungu yagawiwe.

La kufanya

Andikeni mti wa familia pamoja na tarehe za vifo, wazee wangali hai. Pelekeni kwa kadhi au mwanasheria atoe mafungu kwa maandishi. Kenya, Katiba ya 2010 (Ibara ya 170) inazipa mahakama za kadhi mamlaka ya mirathi pale pande zote ni Waislamu na zimekubali. Kwa wasio Waislamu huko, Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, haibagui mtoto wa kike na wa kiume. Wanaofuata mila au sheria nyingine mafungu yao yatatofautiana na ya mfano wangu, ila daftari ni lile lile.

Kodi iingie sehemu moja inayoonekana, na hesabu ya mwezi ipigwe picha na kutumwa kwenye kundi la familia. Anayekusanya alipwe ujira unaojulikana. Kazi ya kufukuzana na wapangaji si ndogo, na asipolipwa wazi atajilipa mwenyewe. Kama wengi wanataka kuuza, wanaotaka kubaki wapewe nafasi ya kwanza ya kununua mafungu ya wenzao.

Na sisi wa huku tuache kuchagua upande kwenye simu. Tuulize swali moja: daftari liko wapi? Kama halipo, tuanze nalo mwezi huu, mama angali hai na nduguze bado wanasalimiana.