Mke mwenzangu ni wa chuma

Wapo wanawake wanaopekua simu ya mume usiku wakitafuta jina la mwanamke. Mimi wala sihangaiki. Mke mwenzangu namjua, tena analala uani kwetu: Land Rover 109 ya mwaka 1974, bodi ya alumini, rangi ya kijani iliyopauka, na asubuhi hawaki mpaka abembelezwe.

Mpenzi msomaji, usicheke. Wanaume wenye ugonjwa huu wapo wengi. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover zilikusanyika Arusha kwenye tamasha lao, na tangu 2003 kuna mashindano ya East African Safari Classic kwa ajili ya magari ya kale tu. Tofauti ni kwamba wengine wana wadhamini. Wa kwangu alikuwa na mshahara, na ndani ya mshahara huo kulikuwa na kiwanja. Giaboksi ilipokufa, mchango wa kiwanja ulisimama miezi minne. Tulinuniana mpaka jirani akauliza kama tuna msiba.

Mwaka 2015 likizo ilipofika akaniambia, "Mke wangu, nikupeleke Kigoma ukapumzike." Nikajua ananibembeleza kwa Ziwa Tanganyika na migebuka. Kumbe alikuwa anakwenda kuona mtambo mwingine, mzee kuliko wetu.

Meli iliyopakwa grisi

Mtambo wenyewe ni MV Liemba. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipande vipande, vikatiwa kwenye makasha yapata 5,000, vikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli kuelekea Kigoma. Ikaungwa upya, ikashushwa majini Februari 1915, vita vikiwa vimepamba moto.

Juni 1916 ikafuatwa kwa ndege. Ndiyo, ndege, Kigoma, mwaka huo! Wabelgiji walikuwa na ndege za Short 827 zinazotua majini, zilizoletwa kutoka Uingereza na kuvushwa Kongo nzima mpaka ziwani. Zilikuwa za mbao na kitambaa, yaani hata kuziangalia ungeogopa, lakini zilivuka ziwa zikaangusha mabomu Kigoma.

Mwezi uliofuata Wajerumani wakawa wanarudi nyuma. Amri ikatoka meli izamishwe isije ikawa ya adui. Kazi wakapewa Anton Rüter na wenzake wawili, mafundi walewale waliotoka nayo Papenburg na kuiunga kipande kwa kipande. Kabla ya kuizamisha, wakazipaka mashine zake grisi nene. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa. Tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na injini hizo za mvuke zikadumu mpaka miaka ya 1970, zilipowekwa za dizeli.

Mume wangu alinisimulia haya gatini, macho yamemlegea kama siku ya posa. Wivu? Kidogo.

Tukapanda. Miezi michache nyuma, mwezi Mei, meli hii ndiyo iliyokuwa ikiwatoa wakimbizi wa Burundi pale Kagunga na kuwaleta Kigoma. Safari yetu ilijaa mananasi, dagaa, magodoro na akina mama wenye watoto mgongoni. Lagosa tulifika usiku. Hakukuwa na gati, kwa hiyo maboti yanaizunguka meli gizani, watu wanapiga kelele, mzigo unashuka, mtoto anapokezanwa mikononi. Nilikuwa nimeketi na mama mmoja wa Ujiji juu ya magunia yake. Nikamwuliza kama haogopi chombo cha umri ule.

"Mwanangu, kizee hiki ndicho kinachonilipia ada za watoto."

Nikamgeukia mume wangu. "Umesikia? Na yule wa kwako analipa nini?"

Hakujibu mpaka kulipokaribia kucha. Tulikaa sitahani tukaongea hela kwa mara ya kwanza bila kununiana, labda kwa sababu pale hakuna mlango wa kubamiza. Tukakubaliana Land Rover ifanye kazi: Jumamosi ibebe mchanga na matofali ya watu, na inachoingiza ndicho itakachokula. Mshahara usiguswe, kiwanja kwanza. Spea isiyopatikana tuchongeshe, tusiagize nje. Na mimi nifundishwe kuiendesha. Hili la mwisho alilipinga kuliko yote ya hela. Wanaume, bwana!

Dada, ukimwambia mwanaume achague kati yako na gari lake, umejiweka pabaya, maana anaweza kuchukua muda kujibu. Na wewe kaka, zile risiti za spea unazoficha chini ya kiti tunaziona.

Kiwanja tulikimaliza, na matofali ya nyumba yetu aliyabeba mke mwenzangu, mara nyingi usukani nikiwa nao mimi. Giaboksi bado inalia ukiingiza namba mbili. Liemba nayo ilisimama miaka kadhaa, mpaka 2023 serikali ikatia saini mkataba wa kuikarabati. Mume wangu anafuatilia habari zake kama za mgonjwa wa ukoo, na ameshaanza kuulizia nauli ya Kigoma. Nimemwambia kwanza bati.