Kagera 1978: Uvamizi wa Jirani na Hukumu ya Fiqhi

Sisi wa Arusha dalili tuliziona mapema. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake hapa mjini, ilivunjika mwaka 1977. Mwaka uliofuata majirani wakapigana.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na tarehe 1 Novemba Uganda ikatangaza kuwa ardhi ya kaskazini ya mto ni yake. Daraja la Kyaka wakalivunja, wakidhani mto utawakinga. Raia waliuawa, ng'ombe wakaporwa. Mwezi huohuo wa Oktoba Marekani ilikuwa imepiga marufuku biashara na Uganda, nchi iliyotegemea kahawa kwa takriban fedha zake zote za kigeni. Vikwazo peke yake havikumng'oa Amin (aliyeng'oa ni jeshi la Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda, Kampala ikatekwa 11 Aprili 1979), lakini vilimkuta vitani na hazina kavu.

Baadhi ya Waislamu walitatizika, kwani Amin alikuwa Muislamu, Uganda iliingia OIC mwaka 1974, na Libya ilimpelekea askari. Fiqhi haikutatizika. Suratul Hujurat, aya ya 9, inaamrisha kuyapatanisha makundi mawili ya waumini yanayopigana, kisha kupigana na lile linalodhulumu mpaka lirejee. Ikiwa hivyo ndivyo baina ya waumini wenyewe, jina la Kiislamu litamkinga vipi mvamizi?

Ama ng'ombe wale, ni mali ya ghasbu: hurudishwa au hulipwa. Na hukumu hiyo haichagui sare. Nyumba za Masaka, zilizobomolewa na askari wetu kwa kisasi mji ulipotekwa Februari 1979, nazo zilikuwa na wenyewe.